Mguu wa chini hauna nyama, nguvu inatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi nafuga ng'ombe huku Dodoma, na kuna kitu kinanisumbua muda mrefu. Ukiangalia mguu wa ng'ombe au punda kuanzia goti kushuka ni mfupa na ngozi tu, nyama yote iko juu. Sasa anatembeaje kutwa nzima? Na nyumbu mbona wanaenda mbali kuliko ng'ombe?

JIBU: Asante sana ndugu yetu, umeangalia vizuri. Mguu wa chini hauna nyama ila umejaa kano, aliyekunywa supu ya kongoro anazijua, ile mishipa myeupe migumu. Nyama kukaa juu ni faida kubwa, maana kila hatua mnyama anaurusha mguu mbele, ukiwa mzito huko chini atachoka haraka. Halafu akikanyaga kano zinavutika kama manati, akiinua zinarudi, na zinarudisha zaidi ya asilimia 90 ya nguvu iliyoingia.

Sasa patamu ni hapa. Wengi tunadhani msuli unajikunja na kujinyoosha sana kila hatua, kumbe mwaka 1997 Thomas Roberts na wenzake kule Marekani waliweka vipimo kwenye misuli ya miguu ya batamzinga wakawakimbiza, wakakuta kwenye tambarare msuli wa nyuma ya mguu unakaza tu, haufupiki sana, kano ndo zinacheza, na msuli kukaza hivo unakula nishati kidogo kuliko kuvuta. Kwenye mlima ndo unalazimika kufupika ili upandishe mwili, ndo maana mlima unachosha, hata wewe unajua.

Nyumbu nao wana la ziada. Watafiti waliwafuatilia Botswana, kwenye joto kali, wakaona wengine wanatembea mpaka kilomita 80 kwa siku 5 bila kunywa maji! Wakapima vipande vidogo vya msuli wa mguu wa mbele, matokeo yakatoka 2018: karibu asilimia 63 ya nishati inaenda kwenye kazi yenyewe, ng'ombe ni kama 42 tu, inayobaki inakuwa joto. Yaani ng'ombe wako akitembea anajichemsha mwenyewe kuliko nyumbu, na mwili ukichemka unataka maji ya kuupoza. Kwa hiyo kiangazi malisho yakiwa mbali watoe alfajiri, jua likipanda wawe wameshafika kwenye maji na kivuli.