Maji yakipwa, njia inafunguka

Kwa asiyeujua mchezo huu wa kuigiza wahusika mezani: watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mmoja wao ndiye mwendesha mchezo. Yeye anasimulia kilichopo, wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu ya pande 20 inaamua. Dungeons & Dragons, uliofungua njia kwa michezo hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, na hadi leo visa vingi vinaanzia kwenye kilabu cha pombe kando ya msitu unaofanana na Ulaya ya kale. Nasi tulichezea hukohuko miaka miwili. Kisha nikauhamishia mchezo wetu Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa biashara kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, mwaka 1331, mwaka aliofika msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nimeandika kurasa sita za maelezo: kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali likitazama bahari, birika lake la pembe nane, msikiti mkuu, sarafu za shaba zenye jina la sultani. Nikazisoma zote kwa sauti. Nilipomaliza, binamu yangu akauliza, "Sawa kaka, sasa sisi tunafanya nini?"

Swali lile liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Usiku huo nilirudia kurasa zangu, na kila nilipokuta kitu nikajiuliza: hiki kitamlazimisha mchezaji kuamua nini? Ambacho hakikuwa na jibu nilikikata, hata kama nilikipenda. Vikabaki vitatu.

Kwanza upepo. Kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huvirudisha, na nahodha aliyekosa majira yake anaweza kukwama miezi. Nikaweka kalenda katikati ya meza na kusema chombo chao kitang'oa nanga baada ya siku kumi. Basi. Sikuhitaji jini wala jeshi la kuwakimbiza. Kila walipotaka kupumzika waliitazama kalenda kwanza.

Pili maji ya bahari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa mbali. Niliandika hali ya mwezi pembeni mwa kila tarehe, nikanyamaza. Siku ya sita wahusika wakawa wanafukuzwa na watu wa tajiri waliyemdai, tayari nimeandaa pambano la ufukweni. Mchezaji mmoja akainama kwenye kalenda: "Jamani, leo si mwezi mpevu? Tusubiri maji yapwe, tupite kwa miguu kwenye mikoko." Wakapita, matope magotini, na mashua ya waliowafukuza ikakwama nyuma yao. Hakuna aliyegusa dadu. Sikuwa nimelipanga hata kidogo, na ndilo tukio wanalolisimulia mpaka leo.

Tatu ni nyumba, na hapa ndipo ningependa uchukue muda zaidi. Majumba yale yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari likilala juu ya boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi havizidi mita tatu kwa upana. Ukijua hilo, pambano la chumbani linabadilika: hamuwezi kumzingira mtu, na mkuki mrefu unakuwa mzigo. Halafu kuna milango. Mgeni hupokelewa nje barazani, na kadiri anavyoaminiwa ndivyo anavyosogezwa ndani. Nikaifanya kanuni ya mchezo: vizingiti vitatu, kila kimoja kina sharti lake.

Tulikuwa na mchezaji ambaye mhusika wake alijaziwa alama zote kwenye ushawishi. Zamani alirusha dadu mara moja na tajiri yeyote akalainika. Safari hii alibaki barazani kipindi kizima cha saa mbili: akajifunza kubisha hodi, kuuliza hali ya watoto, kungoja bila kutaja shida yake. Alipoletewa tambuu, meza nzima ilishangilia kuliko siku walipomuua joka.

Kama unaweza, nenda ukapaone mahali penyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, kisha mashua inakuvusha. Niliposimama ukingoni pale Husuni Kubwa, upepo wa baharini ulizima sauti ya mwenzangu aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Sasa kila mchezaji wangu anajua kwamba mlinzi wa upande wa bahari hasikii vizuri. Kama huwezi kusafiri, tumia soko au kivuko unachopita kila siku. Unajua tayari kinafungwa saa ngapi na nani anaruhusiwa kupita bila kuulizwa.

Mwezi ujao mchezo wetu unahamia kisiwa cha Songo Mnara, ng'ambo kidogo tu ya Kisiwani. Nimeandaa karatasi moja: hali ya mwezi, visima, na orodha ya milango. Upande wa pili nimeuacha mtupu, wachezaji ndio watakaoujaza.