Re: Vitz itapanda Lushoto mpaka Mtae mwezi wa nne?

Mkuu, hiyo Vitz yako kupanda milima ya Usambara toka Mombo hadi Lushoto usiwe na wasi, ni lami kama km 33 hivi na Vitz zinapanda kila siku. Njia yenyewe ni ya Mjerumani, si unajua Lushoto enzi hizo ikiitwa Wilhelmsthal, na reli ya Tanga ilishafika Mombo 1905 kwa hiyo mizigo na watu walishukia pale ndo wanaanza kupanda. Kona ni nyingi na nyembamba, upande mmoja mwamba upande wa pili korongo, piga honi kila kona maana mafuso ya kabeji na viazi yanashuka yamejaa na hayakupishi. Ukikaribia Soni utaona maporomoko pembeni ya barabara, usisimame kwenye kona kupiga picha.

Kurudi ndo kazi, shuka na gia namba mbili au moja, ukikanyaga breki muda wote utasikia harufu ya kuungua kabla hujaiona Mombo.

Ila toka Lushoto kwenda kijiji cha Mtae kwa mwezi wa nne, masika hiyo, penye vumbi panageuka utelezi, mimi ningeiacha gari Lushoto nikapanda basi.