Maswali ya Wasomaji: Ulaya Kuna Watoto Wangapi Wenye Usonji?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za takwimu za usonji kutoka Ulaya. Tumechagua tano na kuzifupisha kidogo.

SWALI: Habari za kazi. Naandika utafiti wangu wa mwisho chuoni. Mahali pamoja nimesoma kwamba Ulaya ni mtoto 1 kati ya 89, pengine Iceland 1 kati ya 32, na upande mmoja wa Ufaransa 1 kati ya 208. Nimwamini nani? *Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma*

JIBU: Waamini wote, maana takwimu zote tatu zimetoka kwenye mradi mmoja. Mradi wa ASDEU, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2015 hadi 2018, ulihesabu watoto wa miaka 7 hadi 9 katika nchi kadhaa. Hiyo 1 kati ya 89 ni wastani uliotangazwa na mradi. Sehemu ya kazi hiyo iliyotegemea rejista ilipata watoto 31.3 katika kila 1,000 Iceland, 12.6 Denmark, 7.7 Finland, 7.3 kusini-magharibi mwa Ufaransa na 4.8 kusini-mashariki mwa nchi hiyohiyo.

Usikimbilie kusema watoto wa Iceland wana usonji mara sita ya wale wa Ufaransa. Tazama kwanza aliyeandika jina la mtoto kwenye daftari. Iceland ina watu wachache, na mtoto anayeshukiwa huelekezwa kwenye kituo cha taifa cha uchunguzi, kwa hiyo ni wachache wanaopotea njiani. Denmark na Finland walisoma rejista za hospitali, ambazo hazimwoni mtoto aliyepimwa na mtaalamu binafsi. Ufaransa walitumia rejista za watoto wenye ulemavu katika majimbo machache, na mtoto anayemudu masomo bila msaada wowote hana sababu ya kuingia humo.

Ili uone pengo hilo kwa macho, chukua Pisa, Italia. Kati ya watoto 10,138 wa miaka 7 hadi 9, wenye cheti cha usonji walikuwa 81, yaani kama 8 katika kila 1,000. Watafiti walipoingia shuleni kuwatafuta wasio na cheti, makadirio yalipanda hadi 11.5. Huko Cambridgeshire, Uingereza, utafiti uliochapishwa 2009 ulikadiria kwamba kwa kila watoto watatu wanaojulikana kuna wawili ambao hawajatambuliwa, na makadirio ya jumla yakafika 157 katika kila 10,000. Rejista inakuambia waliofikiwa na huduma. Ukitaka waliopo, lazima mtu akawatafute.

Hata ndani ya nchi moja hesabu huachana. Uholanzi, shule ziliulizwa idadi ya wanafunzi wenye usonji: Eindhoven walipata 229 katika kila 10,000, Haarlem 84, Utrecht 57. Eindhoven ni mji wa viwanda vya teknolojia, na watafiti walikuwa wamekwenda kupima iwapo hilo lina uhusiano na usonji. Lakini taarifa zilitoka kwa shule, watoto hawakupimwa upya, kwa hiyo matokeo hayo yachukuliwe kwa tahadhari.

Kwenye andiko lako, kando ya kila takwimu andika umri wa watoto, mwaka waliohesabiwa, vigezo vya utambuzi vilivyotumika (ICD-10 na DSM-5, miongozo miwili ambayo madaktari hutumia kutambua usonji, haiwapi idadi sawa), na njia waliyopatikana. Takwimu isiyo na mambo hayo iache. Angalia pia kipimo. Waandishi wengine hutumia 1,000, wengine 10,000, wengine asilimia, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Zigeuze zote kwa njia moja: ziweke kwanza katika kila 1,000, kisha gawa 1,000 kwa idadi uliyopata. 1,000 kwa 7.7 ni 130, basi Finland ni 1 kati ya 130. Zile 157 za Cambridgeshire ni 15.7 katika kila 1,000, yaani 1 kati ya 64.

SWALI: Sisi tulipokua hatukusikia mambo haya. Sasa kila mtaa kuna mtoto mwenye usonji, na huko Ulaya nasikia ni zaidi. Kuna kitu kinawapata watoto? Wengine wanasema ni chanjo. *Baba wa watoto wanne, Mombasa*

JIBU: Mzee wetu, idadi ya wanaotambuliwa imepanda kweli, tena sana. Victor Lotter alipohesabu watoto wa miaka 8 hadi 10 huko Middlesex, Uingereza, matokeo yake ya 1966 yalikuwa 4.5 tu katika kila 10,000. Sensa ya shule ya 2017, yenye wanafunzi zaidi ya milioni 7 wa Uingereza, ilitoa asilimia 1.76, yaani 176 katika kila 10,000. Ireland ya Kaskazini ilitoka asilimia 1.2 ya wanafunzi mwaka wa masomo 2009/10 ikafika 5 mwaka 2022/23.

Ila Lotter alimtafuta mtoto wa aina moja: aliyejitenga kabisa na watu, mwenye kurudia jambo lilelile bila kuvumilia badiliko. Mtoto anayezungumza vizuri na kufaulu hesabu, lakini hajui kuingia kwenye mchezo wa wenzake, asingeandikwa. Leo anaandikwa.

Denmark wamelipima jambo hili kwa makini kuliko wengi. Mwaka 1994 walibadili vigezo vya utambuzi, na 1995 rejista ikaanza kupokea watoto waliotibiwa bila kulazwa, ambao kabla ya hapo hawakuhesabiwa. Uchambuzi wa watoto 677,915 waliozaliwa kati ya 1980 na 1991 uliona kwamba mabadiliko hayo mawili ya kiofisi yanaeleza asilimia 60 ya ongezeko. Sweden nao waliwauliza wazazi wa mapacha kuhusu dalili zenyewe. Kwa watoto waliozaliwa katika miaka 10 mfululizo, dalili zilibaki palepale huku majina kwenye rejista yakiongezeka.

Hatusemi kwamba ongezeko lote ni la makaratasi. Wazazi wanaozaa wakiwa na umri mkubwa na watoto njiti wanaosalimika wanachangia kiasi. Chanjo haimo. Denmark walifuatilia watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, wakalinganisha waliochanjwa surua, matumbwitumbwi na rubela na wasiochanjwa, na waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi. Makala ya 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Wapeleke watoto wakachanjwe, surua inaua.

SWALI: Shikamooni. Naishi Stockholm, mwanangu ana miaka miwili na miezi minne na maneno yake ni machache. Nesi ameniambia watoto wa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wanapata usonji zaidi. Nimeogopa. Wengine wananishauri niache Kiswahili nyumbani. *Mama, Sweden*

JIBU: Marahaba, dada. Tuanze na hilo la mwisho: usiache Kiswahili. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha zaidi. Ukiiacha, mtoto anabaki na mama anayemsemesha kwa lugha asiyoimudu.

Alichosema nesi kina asili yake. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Stockholm juu ya watoto wa miaka 7 hadi 17. Wenye mama Wasomali walikuwa na usonji kwa asilimia 0.7, wengine 0.19. Tofauti ni kubwa, lakini waliokutwa na usonji upande wa Wasomali walikuwa watoto 17 tu, na utafiti ulihusu usonji unaoambatana na ulemavu wa akili peke yake. Utafiti mkubwa zaidi wa Stockholm, wa 2012, ulikamilisha picha: watoto wa wahamiaji walikuwa na usonji wa aina hiyo zaidi, lakini usonji usio na ulemavu wa akili uliandikwa kwao mara chache kuliko kwa wengine. Kwetu sisi hilo la pili ndilo zito. Huenda wapo watoto wa wahamiaji ambao dalili zao zinaitwa ukaidi, au zinasingiziwa lugha, na hawapelekwi kupimwa. Wapo waliodhani chanzo ni upungufu wa vitamini D kwa sababu ya jua hafifu la kaskazini, halijathibitishwa. Takwimu za kundi haziwezi kukuambia mwanao ana nini. Kipimo ndicho kitakachosema.

Kwa umri wake, dodoso la M-CHAT-R, ambalo mzazi hulijaza kuchuja dalili za usonji, linafaa: maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 hazina wasiwasi mkubwa, 3 hadi 7 zinahitaji mahojiano ya ziada, 8 na kuendelea mtoto apelekwe moja kwa moja kwa wataalamu. Si utambuzi, ni mlango tu. Wazazi wengi hukwama kwenye swali la kunyoosha kidole. Mtoto anayeonyesha kikombe kwa sababu ana kiu anaomba. Anayeonyesha ndege angani kisha akageuka kukutazama kama nawe umeiona, anakushirikisha. Hayo ni maswali mawili tofauti, yajibu kila moja peke yake. Kwenye swali la kutazamana machoni, fikiria anavyokutazama wewe mnapocheza au unapombadilisha nguo. Usifikirie anavyoinamisha macho mbele ya mgeni au mkubwa, maana hiyo ni adabu tunayowafundisha.

Unapopanga miadi omba mkalimani wa Kiswahili papo hapo. Dada au kaka wa mtoto asitumike. Nenda na orodha ya maneno yote anayosema, ya Kiswahili na Kiswidi pamoja. Akisema "maji" na "boll" (mpira kwa Kiswidi), hayo ni mawili. Akipimwa kwa lugha moja tu, ataonekana nyuma kuliko alivyo. Waombe wampime masikio pia. Wakikuambia msubiri kwanza mtoto azoee Kiswidi, kataa kwa upole na uombe rufaa iandikwe.

SWALI: Kwa nini karibu kila takwimu inasema wavulana wengi? *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Ile sensa ya shule za Uingereza ilikuwa na wavulana zaidi ya wanne kwa kila msichana mmoja. Tafiti zinazopima watoto wenyewe, zisizosubiri rejista, hushuka hadi karibu watatu kwa mmoja. Wasichana wengi huiga wenzao wakafanana nao darasani, kisha wakifika nyumbani wanaanguka kwa uchovu na kilio. Mwalimu hakioni kilio hicho, na jina haliandikwi.

SWALI: Tunataka kuhesabu watoto wenye usonji katika shule za wilaya yetu. Tukichukua tu ile 1 kati ya 89 ya Ulaya tukaizidisha, kuna ubaya? *Mwalimu wa elimu maalumu, Tanga*

JIBU: Kwa kupanga bajeti ya awali, Mwalimu, unaweza kukadiria kama mtoto 1 kati ya 100, mradi uandike kwamba ni makadirio. Kwa hesabu yenyewe, hapana. Kuna mfano wa karibu: Uganda, katika Kampala na Wakiso, watafiti walipima watoto 1,169 wa miaka 2 hadi 9 na kupata 6.8 katika kila 1,000. Hao ni watoto 8. Wangewapata wawili zaidi, takwimu ingeruka hadi 8.6. Kwa hiyo kama wilaya yenu itapima watoto 500, jibu lenu litayumba mno. Lengeni 5,000 au zaidi.

Chagueni umri mmoja, mfano miaka 7 hadi 9. Walimu wataje watoto wanaowatia shaka, na wazazi wa watoto wote wajaze dodoso. Dodoso la SCQ, la kuchuja dalili za usonji, lina maswali 40, na alama 15 ndiyo mpaka wa kawaida, lakini lazima litafsiriwe kwa Kiswahili, lirudishwe na mtu mwingine kwenye lugha ya awali ili mlinganishe, kisha lijaribiwe hapo Tanga kabla ya kutumika. Mwenye mamlaka ya hakimiliki aombwe ruhusa. Wanaovuka mpaka waonwe na mtaalamu ana kwa ana. Chukueni pia sampuli ndogo ya wasiovuka, kwa bahati nasibu, nao wapimwe. Hatua hiyo ndiyo wengi huiruka kwa kubana gharama, na bila hiyo hamtajua dodoso limewaacha wangapi. Mwisho, msiishie shuleni. Baadhi ya watoto wenye usonji hawajaandikishwa kabisa, kwa hiyo ombeni wenyeviti wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawapitie nyumba kwa nyumba, na familia ziambiwe mapema ni huduma gani mtoto atapata akishatambuliwa.