Duka la nafaka la ushirika: pigeni hesabu ya gunia kabla ya kugawana ziada

Mkiwa na duka la nafaka linalomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, anzeni na bei, maana hapo ndipo fedha za maduka mengi ya ushirika zinapopotelea bila mwizi. Tuseme gunia la maharage la kilo 100 mmelinunua kwa shilingi 250,000, usafiri na kushusha 8,000. Mkichambua mawe, vumbi na mbovu mnabaki na kilo 97, na kupima rejareja kunakula nyingine moja. Gawanyeni 258,000 kwa kilo 96: kila kilo imewagharimu karibu 2,690, si 2,500. Mkiuza 3,200 mnadhani mmepata 700, kumbe ni 510, na hapo kodi ya pango, umeme na mishahara bado. Andikeni uzito baada ya kuchambua kwa kila gunia, kwa sababu upungufu wa choroko haulingani na wa ufuta.

Kununua mahindi bila kupima unyevu ni kamari. Chukueni chupa kavu ya kioo, mtie mahindi hadi theluthi, ongezeni vijiko vitatu vya chai vya chumvi iliyokauka vizuri, mtikise kwa dakika moja kisha muiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisheni mzigo au muuanike. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo chumvi isiyoganda bado si cheti. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Karanga nazo ni hivyo hivyo: kutoa zilizosinyaa na zenye ukungu kunapunguza sumu, lakini kukaanga hakuimalizi.

Dona ina kiini, na kiini kina mafuta. Ikikaa kwenye joto inachacha na kuwa chungu, na mteja aliyekula ugali mchungu harudi kulalamika, anahama tu. Sageni kiasi cha wiki moja, andikeni tarehe kwenye kila mfuko. Mahindi yenyewe yakae kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila mfuko wa ndani ukifungwa peke yake. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, basi mfuko unaofunguliwa kila saa hauna kazi tena: mmoja uwe wa kaunta, mingine isiguswe.

Sasa ushirika wenyewe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2013 inataka watu wasiopungua 10 kwa ushirika wa aina hii, na duka dogo haliwezi kulipa mishahara 10. Msijidanganye hapa. Ama wengi wafanye zamu chache na kulipwa kwa saa, ama muanze na kampuni ndogo ambayo katiba yake inampa kila mfanyakazi kura moja, hata kama hisa zinatofautiana. Suma, ushirika wa kusambaza vyakula asilia wa Uingereza ulioanza kumilikiwa na wafanyakazi mwaka 1977, kwa miaka mingi ulilipa kila mtu sawa, awe dereva au mhasibu. Inawezekana, mradi kila mmoja ajifunze kazi zaidi ya moja.

Kura moja haimaanishi kila jambo lijadiliwe na wote. Bei ya dengu haihitaji mkutano. Kila bidhaa iwe na mwenyewe kwa jina: yeye ananunua, anapima, anahesabu stoo kila Jumamosi jioni, na mwenzake mwingine anahakiki. Mkutano wa mwezi ubaki na mishahara, wanachama wapya, mikopo na ununuzi unaozidi kiwango mlichokubaliana.

Kinachovunja urafiki ni daftari la madeni. Mwanachama anachukua kilo mbili za mchele "nitalipa kesho", na kumkatalia mwenzako ni aibu kuliko kumkatalia mteja. Wekeni kikomo, mathalani robo ya mshahara, kikatwe moja kwa moja mwisho wa mwezi bila kuombana. Mweka hazina naye aingie humo humo. Akisamehewa yeye, daftari limekwisha.

Mishahara ilipwe kwanza, tena kila mwezi, hata ikiwa midogo. Ziada igawanywe mara moja kwa mwaka baada ya kuhesabu stoo na kutenga fedha za magunia ya msimu wa mavuno, wakati bei iko chini. Anayetaka ziada yake mwezi wa nne anaomba mtaji wa Julai.