Pointi za kadi na kiti cha daraja la biashara: majibu kwa wasomaji

Barua za mara hii zimekuja kwa wingi kutoka ughaibuni, na karibu zote zinagusa jambo moja: pointi za kadi za mkopo na tiketi za daraja la biashara. Mashirika ya ndege hupandisha bei zao bila kupiga hodi, kwa hiyo tarakimu zilizomo humu zihakiki tena siku unayokata tiketi.

Nina pointi 140,000 za Chase. Benki inasema nikizigeuza pesa nitapata dola 1,400. Rafiki yangu anadai zinatosha kwenda na kurudi Dar es Salaam daraja la biashara. Nimsikilize nani? (Minneapolis)

Benki imesema kweli, rafiki ametia chumvi. Ukichukua pesa taslimu, Chase hulipa senti moja kwa pointi, basi. Lakini kadi yako ikiwa Sapphire Preferred au Sapphire Reserve, pointi hizo hizo unaweza kuzihamishia kwenye akaunti ya maili ya shirika la ndege, 1,000 kwa 1,000, na huko ndiko thamani yake inakopanda.

Kwa safari ya Dar, anza na Aeroplan, programu ya maili ya Air Canada. Si lazima upande ndege ya Air Canada. Aeroplan hukata viti vya washirika wake wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, wakiwemo Ethiopian, Turkish, Lufthansa na Brussels Airlines. Ethiopian hutoka Washington, uwanja wa Dulles, hadi Addis Ababa moja kwa moja, kisha unaunganisha kwenda Dar, Kilimanjaro, Zanzibar au Nairobi. Wakati wa kurudi ndege hiyo hutua njiani kuongeza mafuta: uwanja wa Bole wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege haiwezi kunyanyuka ikiwa na mafuta ya kuvuka hadi Marekani. Hesabu saa hizo unapopanga ndege ya kuunganisha.

Bei ya Aeroplan kwa washirika wengi hufuata umbali wa njia nzima, na hapo ndipo watu hupoteza pointi bila kujua. Chati iliyozinduliwa Novemba 2020 iliweka daraja la biashara kati ya Amerika Kaskazini na Afrika kuwa pointi 85,000 kwa maili 6,001 hadi 8,000, na 100,000 zaidi ya hapo. Viwango vimekuwa vikiguswaguswa tangu wakati ule, ila mpaka wa maili 8,000 ndio wa kuuangalia. Dulles hadi Nairobi kupitia Addis ni kama maili 7,900: uko ndani. Kilimanjaro ni kama 8,050, umezidi kwa kiasi ambacho ndege humaliza kwa dakika chache. Dar ni kama 8,270. Maana yake, anayekwenda Nairobi akitokea Minneapolis anaweza kuokoa pointi kwa kununua tiketi ya ndani hadi Washington kwa pesa na kuanzia hapo tiketi ya pointi. Wewe wa Dar umeshavuka mpaka hata ukianzia Dulles, kwa hiyo jaribu kwanza kuanzia nyumbani. Ukiona kipande cha Minneapolis kimepandisha bei kupita kiasi, ndipo ukinunue peke yake, na ufike Washington siku moja kabla. Tiketi mbili zisizofungamana zina ubaya wake: ya kwanza ikichelewa, mwenye ya pili hana deni nawe.

Kwa hiyo pointi 140,000 zinakufikisha Dar kwenye kiti cha biashara na kubakiza kama 40,000, ambazo hazitoshi kurudia. Kama mwenzi wako mnayeishi nyumba moja ana pointi za Chase, benki inaruhusu kuunganisha. La sivyo, tumia za kwendea na urudi kwa nauli ya kawaida.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Fungua akaunti ya Aeroplan, ni bure, na hakikisha jina linafanana na la benki na la pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu, na benki za Marekani huchukua la babu au la baba kuwa jina la mwisho kadiri ya aliyejaza fomu. Sahihisha tofauti hizo kabla, maana uhamisho hukwama kwa sababu ya jina tu. Kisha tafuta kiti upande mmoja mmoja, ukianza na kipande kirefu, Washington hadi Addis, kwa sababu ndicho adimu. Cha Addis hadi Dar hupatikana kirahisi zaidi. Viti huanza kuonekana kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari, na vingine huachiwa wiki mbili za mwisho shirika likiona havijauzwa. Julai na Desemba usitegemee muujiza.

Ukikipata, fungua kila kipande usome daraja lake. Tiketi inaweza kuitwa ya biashara huku kipande kimojawapo ni cha daraja la kawaida. Tazama pia mpangilio wa viti: kwenye A350-900 za Ethiopian viti vya mbele vimepangwa 2-2-2, hivyo aliye dirishani humruka jirani akitaka kwenda msalani. Endelea mpaka ukurasa wa malipo. Kiti kikiwa bado kipo hapo, ndipo uhamishe pointi. Kutoka Chase kwenda Aeroplan kwa kawaida ni dakika chache. Utalipa kodi za viwanja na ada ya dola 39 za Kanada, na Aeroplan haiongezi ile ada ya mafuta inayouma kwingine. Mwisho, chukua namba ya uhifadhi ya Ethiopian, ingia kwenye tovuti yao, hakikisha tiketi imetoka kweli: namba yake itaanza na 014, ambayo ni ya Air Canada.

Pointi zikishavuka kutoka benki hazirudi. Ndiyo maana kiti hutangulia.

Kama unataka kupima faida, chukua nauli ya pesa, toa kodi utakazolipa, gawanya kwa pointi. Tuseme kiti ni dola 2,800 upande mmoja na kodi ni 100: 2,700 kwa pointi 100,000 ni senti 2.7 kila moja. Ni hesabu nzuri, ila ina udanganyifu ndani yake. Kama bila pointi ungekaa nyuma kwa dola 700, basi ulichookoa mfukoni ni 600. Kilichobaki ni usingizi. Usingizi nao una bei, lakini kila mtu ajipangie yake.

Niliona kiti cha Turkish kwenda Zanzibar kwenye tovuti moja, nikahamisha pointi za Amex (American Express) kwenda KrisFlyer, programu ya maili ya Singapore Airlines. Zilipofika kesho yake kiti hakipo. Je, nimepoteza? (Houston)

Hujapoteza, ila umefungika. Mambo mawili huenda yalitokea. Moja, uhamisho wa kwenda KrisFlyer si wa papo hapo, mara nyingi huchukua siku moja au zaidi, na ndani ya muda huo mtu mwingine alikikata. Pili, kiti hakikuwepo tangu mwanzo. Tovuti za kutafutia huhifadhi matokeo ya saa zilizopita, na kila programu huona viti tofauti: shirika huwapa wanachama wake vingi na washirika vichache. Ulichokiona kwa mshirika mwingine, kama United, hakimaanishi Singapore nao wanakiona. Tafuta ndani ya programu ile ile utakayolipia.

Sasa, maili za KrisFlyer hudumu miezi 36, na Singapore wamo Star Alliance. Una muda wa kuvizia Turkish tarehe nyingine, au Ethiopian, au Brussels kama unaweza kuingilia Nairobi au Entebbe. Safari ijayo, ukiwa na Amex na kiti kinaonekana kwenye programu zaidi ya moja, chagua ile ambayo uhamisho wake ni wa papo hapo, kama Aeroplan au Flying Blue (ya Air France na KLM), hata ikizidi pointi elfu chache.

Nimetumia Avios, pointi za British Airways, kutafuta kiti cha biashara London hadi Nairobi. Pointi ninazo, lakini wananidai mamia ya pauni juu yake. Hiyo "bure" iko wapi? (London)

Hakuna aliyesema bure. Unachodaiwa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kodi ya serikali ya Uingereza kwa kila abiria anayeondoka: kwa umbali wa Nairobi, daraja la biashara lilitozwa pauni 216 kuanzia Aprili 2025 na 244 kuanzia Aprili 2026, ilhali daraja la kawaida ni 90 na 102. Ya pili ni ada ya shirika lenyewe, na British Airways ni miongoni mwa wanaoipenda.

Kodi ya kwanza huikwepi kwa kuunganisha Amsterdam kwenye tiketi moja. Mradi umeanzia London na hukukaa saa 24 njiani, unatozwa kwa kituo cha mwisho. Unaikwepa kwa kuanzisha tiketi ya pointi nje ya Uingereza. Pointi za Amex ya Uingereza huhamia Flying Blue moja kwa moja, na KLM hutoka Amsterdam hadi Nairobi. Panda treni ya Eurostar au ndege ya bei rahisi, lala usiku mmoja, uanze safari. Kodi ya Uholanzi ni kama euro 30. Usidhani Paris ni sawa: Ufaransa ilipandisha yake Machi 2025, na daraja la biashara la masafa marefu likawa euro 120. KLM nao wana ada yao ya shirika, isome kabla ya kuhamisha.

Tahadhari moja ambayo washauri wa Kizungu hawaitaji kwa kuwa haiwahusu: ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata kama una kibali cha kuishi Uingereza, kuanzisha tiketi mpya Amsterdam maana yake unaingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Unahitaji viza. Kama huna, njia hiyo imefungwa kwako. Wakati wa kurudi, kodi ya London haipo kabisa, kwa hiyo kiti cha biashara kitumie kurudia.

Tuko wanne: baba, mama, mtoto wa miaka saba na mchanga wa miezi minane. Twaenda Mombasa. Tutapata viti vya pamoja? (Columbus, Ohio)

Vitatu kwa mpigo ni kazi. Washirika huachiwa mara nyingi kiti kimoja au viwili vya biashara kwa ndege. Walio tayari kugawanyika, mzazi mmoja na mtoto mkubwa leo, mwingine na mchanga kesho, hupata mapema.

Mchanga ndiye anayewaangusha wengi. Programu kadhaa za Marekani humtoza mtoto wa kupakatwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima kwa safari za kimataifa, na nauli inayohesabiwa ni ya pesa, ya daraja lile mlilokaa. Kiti cha dola 5,000 kinamgharimu mtoto asiye na kiti dola 500. Aeroplan humtoza dola 25 za Kanada au pointi 2,500. Kwa huyo wa miaka saba, Flying Blue hupunguza asilimia 25 kwa watoto wa miaka 2 hadi 11 kwenye ndege za Air France na KLM.

Njia nyingine ni pointi za benki ya Citi. Tangu Julai 2025 pointi zake, kwa wenye Strata Premier na kadi za juu yake, huhamia AAdvantage ya American Airlines, ambayo chati yake ya washirika ni maili 75,000 kwa daraja la biashara Marekani hadi Afrika kila upande. Humo mna Qatar kupitia Doha. Kiti kizuri kuliko vyote tulivyovitaja, na kigumu kuliko vyote kukipata.

Kipande cha Mombasa kiwe ndani ya tiketi ile ile. Daraja la biashara la KLM au Qatar linampa kila mwenye kiti masanduku mawili ya kilo 32. Mkikata Nairobi hadi Mombasa kando, mnashushwa kwenye kipimo cha ndege ya ndani na mtalipia ziada pale kaunta.

Kuna mtu kwenye WhatsApp anauza tiketi za daraja la biashara nusu bei, anasema anatumia maili. Ni salama? (Dallas)

Hapana. Programu zote tulizozitaja zinakataza kuuza maili, na zikigundua hufuta tiketi na kufunga akaunti. Mara nyingine maili zenyewe zimeibwa. Ya kwendea inaweza kutoka vizuri na ya kurudia ikafutwa ukiwa Dar, na namba ya yule mtu haipatikani tena.

Kadi ninayoitaka inatoa pointi 60,000 nikitumia dola 4,000 kwa miezi mitatu. Nina deni la dola 3,000 kwenye kadi nyingine. (Seattle)

Lipa deni kwanza. Kwa riba ya asilimia 22, dola 3,000 hukula 660 kwa mwaka, na pointi 60,000 ukizigeuza pesa ni 600. Deni likiisha, omba kadi miezi ile ambayo una matumizi makubwa ya lazima, kama bima ya gari ya nusu mwaka au karo, ufikie 4,000 bila kununua kitu ambacho hukukihitaji. Kodi ya nyumba usiiweke humo kabla hujauliza makato: wenye nyumba wengi huongeza karibu asilimia 3 kwa malipo ya kadi.