Nunua daftari la pili: kwa mwalimu mgeni wa Kiingereza Mombasa

Mwalimu mgeni, karibu. Umeshapata chumba, ubao na wanafunzi kumi na wawili wa jioni: dereva wa tuktuk, muuza viazi karai, vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus, mabinti wa usafi kwenye hoteli za Nyali na Bamburi. Mimi kazi hii nina miaka 11 nayo, na tungekutana kwenye kahawa Mji wa Kale ningekwambia jambo moja tu: nunua daftari la pili. La kwanza ni la somo. La pili ni la makosa ya wanafunzi, na kando ya kila kosa uandike Kiswahili kilicholizaa.

Mimi sikulinunua mapema. Mwaka wa kwanza niliingia na kitabu kilichochapishwa Uingereza, nikafundisha nyakati za vitenzi miezi miwili na mtu hajui kuagiza chai. Kila aliyekosea nilimkata kauli papo hapo. Mzee mmoja, kuli mstaafu wa Kilindini, akaacha kuja. Baadaye nikamwona kwenye feri ya Likoni akizungumza na mzungu, Kiingereza kinamtoka bila breki. Aliponiona akanyamaza. Siku hiyo niliteremka ng'ambo sijui uso niuweke wapi, na kutoka hapo nikapitia dukani kununua daftari.

Ukurasa wa kwanza ni wa binti wa hoteli. Mgeni alimkuta kwenye ukumbi akamuuliza, "You haven't cleaned my room?" Binti akajibu, "Yes." Mgeni akaenda zake baharini akijua chumba ki tayari, akarudi akakuta mashuka ya jana. Binti akaitwa ofisini, akaambiwa ni mwongo. Jioni alikuja darasani macho mekundu: "Mwalimu, mimi nilisema kweli."

Na kweli alisema. Mtu akikuuliza "Hujasafisha chumba?" nawe hujasafisha, jibu letu ni "Ndiyo," yaani ni kama ulivyosema. "Ndiyo" inaikubali kauli ya muulizaji. "Yes" haimjali muulizaji, inatazama kitendo: kimefanyika au hakikufanyika. Tulitumia jioni nzima kuulizana: hujala? hukuja jana? huna mume? (Hapo darasa likachangamka.) Kanuni niliyowapa ni hii: usilitazame swali, tazama jibu lako. Likiwa na "not" ndani yake, lianze kwa "no". Lile somo moja liliwafaa kuliko miezi yangu miwili ya vitenzi.

Ukishaanza kusikiliza hivyo, utaona makosa mengi si ujinga, ni tafsiri. "I hear hungry" ni nasikia njaa. "I hear bad smell" ni nasikia harufu mbaya. "Borrow me your pen" ni niazime kalamu. Anayemwita mamake "he" si kwamba hamjui mamake. "Yeye" yetu haiulizi mume wala mke. Na anayesema kidole cha mguu kinamuuma atakwambia "finger", kwa sababu kwetu vyote ni vidole.

Saa ndiyo inayokula pesa za watu. Kijana wa kutembeza wageni aliahidi saa tatu asubuhi, akasema "three o'clock", akakaa juani mpaka adhuhuri. Usiwafundishe kujumlisha sita, watachanganyikiwa. Chora saa ya ukutani, waambie wasome namba iliyo upande wa pili: tatu inatazamana na tisa, moja na saba. Basi.

Matamshi yana neema yake hapa Pwani. Vitabu vingi vinakuonya kwamba "th" ni mtihani. Mtoto wa Mombasa anayesema thelathini na dhahabu tangu utotoni anayo tayari: "thirty" inaanza kama thelathini, "this" kama dhahabu. Kinachomsumbua ni mkazo. Sisi twakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo muuza mboga wa Kongowea atakaza "ta" kwenye "vegetables", na mgeni atakodoa macho. Mwambie akaze "ve" ya mwanzo, zile nyingine azimeze.

Kuna watakaokwambia Kiingereza hapa si lugha ya kigeni, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Sawa, kwenye karatasi. Kwa muuza viazi karai aliyeacha shule darasa la sita, Kiingereza ni lugha ya mwalimu aliyemchapa. Kwa hiyo usimcheke, na usikubali wenzake wamcheke.

Ada chukua kwa wiki. Wengi hulipwa kwa siku, za mwezi hazikai. Ramadhani ikiingia hamisha darasa baada ya tarawehe.

Juzi dereva wa tuktuk kachelewa. "Sorry teacher, my tuktuk refused to start." Nikamrukia: anayekataa ni mtu, mashine haikatai! Nikaandika daftarini, na kando: tuktuk imekataa kuwaka. Usiku nikafungua kamusi, nikakuta Waingereza nao magari yao hukataa, kwa neno lilo hilo. Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikamwomba radhi, na lile kosa nikalihamishia ukurasa wa mwisho, ulioandikwa juu yake "Makosa ya mwalimu". Lilikuwa la tisa.