Springi fupi na shokomzoba za zamani, au koilova za bei ya chini?

Mkuu, umeuliza kipi bora cha kushusha gari kwa bajeti ndogo: springi fupi ubaki na shokomzoba zako za zamani, au koilova (springi na shokomzoba zilizounganishwa, zenye nati za kurekebisha urefu) za bei ya chini. Mimi nisingenunua chochote kabla fundi hajaingia uvunguni kukagua bushi (mipira ya kwenye maungio) na boljointi (viungo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka). Zikiwa zimekufa, hata seti ghali itagonga vilevile.

Springi fupi kwenye shokomzoba iliyochoka ni kujitafutia balaa. Springi hizo kwa kawaida ni ngumu zaidi, shokomzoba haiwezi kuzituliza, basi gari linadundadunda na kugota kila shimo. Koilova za bei ya chini zinapendeza machoni (hapo ndipo wengi tunaponaswa), ila nyingi huwahi kuvuja na nati zake hushika kutu.

Ningechukua shokomzoba mpya zinazoendana na springi, nishushe sentimita 2 au 3 tu. Badilisha kwa jozi. Mounti za juu (zinazoshikilia shokomzoba kwenye bodi) zibadilishwe hapohapo, la sivyo utamlipa fundi mara mbili. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, la sivyo mpira utachanika mapema. Kisha alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu.